Zawadi Ifike, Namba Isitembee: Barua ya Wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wa Tume. Nakala kwa Benki Kuu ya Tanzania, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa wauzaji wa mtandaoni wanaotuma mizigo Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba mwongozo mmoja. Mtanzania anayetaka kumshtukiza mwenzake kwa zawadi aliyoinunua mtandaoni aweze kufanya hivyo bila namba ya simu ya mpokeaji, majina yake matatu na mahali anapoishi kusomwa na kila aliye njiani, kuanzia Kariakoo hadi kwa kijana wa bodaboda wa Nkome. Leo haiwezekani. Sheria ipo, na nitaitaja. Kinachokosekana ni sheria hiyo kufika stendi, kwenye ofisi za mizigo na kwenye maduka kama langu.

Nina duka hapa Nkome, wilayani Geita, si mbali na mwalo. Ninauza sukari, sabuni, betri na vocha, na kwa miaka sasa duka hili limekuwa pia kituo cha kupokelea mizigo ya watu. Mvuvi wa dagaa akiwa visiwani kipindi cha giza la mwezi, mzigo wake unakaa kwangu hadi mbalamwezi itakapomrudisha nchi kavu. Mwalimu, muuguzi, mama anayekaanga samaki, kijana aliyetoka machimboni Nyarugusu au Lwamgasa, wote wakiulizwa mzigo ufikie wapi hutaja duka langu. Haya ninayoyasema nimeyaona kwenye rafu zangu mwenyewe.

Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, wapo waliosema kununua mtandaoni hakutuhusu watu wa huku. Hawakuangalia vizuri. Ununuzi ulikuwa umeshajitafutia njia yake: picha Instagram, bei WhatsApp, malipo kwa simu, skrinshoti ya muamala, kisha mzigo unapakiwa kwenye basi. Kwa mizigo inayopitia Mwanza mambo yamekuwa mepesi zaidi tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo–Busisi; mzigo haungoji tena kivuko. Unashuka Geita mjini, unapanda gari la Nzera, na jioni uko kwangu.

Katika ununuzi huu umezaliwa utaratibu mzuri ambao ndio ninaoutetea. Wateja wa muuzaji mmoja huwekwa kwenye grupu moja. Wanaulizana kama kitambaa kinachuja, kama kiatu namba 40 kinabana, kama kweli ile sufuria haigandishi chakula. Hawajawahi kuonana. Mmoja yuko Nkome, mwingine Kahama, mwingine Tunduma, mwingine Muscat akifanya kazi za ndani. Siku zinavyokwenda wanajuana hali: huyu ana mapacha, yule mumewe amezama ziwani, yule anasubiri matokeo ya mwanawe wa kidato cha nne. Halafu siku moja wachache wanatoka pembeni, wanachangishana, wanamwambia muuzaji amtumie mwenzao doti ya kanga, au beseni na shuka za mtoto mchanga, asiseme vimetoka kwa nani.

Kwetu kutoa kumezoea macho ya watu. Harusini mshereheshaji anatangaza nani kaleta friji. Kwenye grupu la mchango orodha inabandikwa kila jioni, jina na kiasi, na ambaye hajatoa anaonekana kwa nafasi iliyobaki wazi mbele ya jina lake. Silaumu utaratibu huo. Bila orodha hizo harusi nyingi zisingefanyika na wafiwa wengi wangelemewa. Lakini anayepokea hadharani hubaki na deni hadharani. Mjane wa mvuvi hana nguvu za kumshukuru kila mtu mmojammoja, wala za kukumbuka nani alimpa nini ili naye aje amrudishie. Zawadi isiyotaja mtoaji inampumzisha. Msikitini na kanisani sote tumefundishwa ubora wa sadaka ya siri, na hawa wanunuzi, watu wasiojuana sura, wameipatia njia ya simu na basi.

Pesa haiwezi kufanya kazi hiyo. Ukimtumia mtu elfu ishirini kwa simu, ujumbe unaoingia kwake unakutaja jina papo hapo. Ndiyo maana watu wananunua kitu. Na wakishanunua kitu, tatizo linaanza pale inapotakiwa namba.

Kumshtukiza mtu maana yake asijue. Basi namba yake haiombwi kwake, inaombwa pembeni. Muuzaji anaitoa kwa nia njema, maana anayo kwenye simu yake pamoja na za wateja wake wote. Mtoaji akitaka kuhakikisha kwamba hajakosea, anaiingiza kwenye menyu ya kutuma pesa, majina ya mwenye namba yanatokea, kisha anasitisha kabla ya kuweka namba ya siri. Hajatuma hata shilingi, na ameshajua mtu anaitwa nani. Kuonyesha jina kuliwekwa kwa sababu ya maana, kwani watu walikuwa wakipoteza pesa kwa kukosea tarakimu moja. Lakini mlango huo uko wazi pia kwa yeyote ambaye hana nia ya kutuma chochote.

Kisha muuzaji anachukua maka peni. Juu ya mfuko wa nailoni, kwa herufi za kusomeka hatua kumi, anaandika majina, namba ya simu, NKOME – GEITA, na mara nyingine maelekezo ya ziada: nyumba ya nyuma ya zahanati, mlango wa bluu. Solotepu inapita juu yake ili mvua isifute. Ofisi ya mizigo inanakili yote kwenye risiti. Stendi mzigo unawekwa chini, penye wapigadebe, abiria na wauza karanga. Mwenyewe akichelewa, karani anaita jina lake kwa sauti. Bodaboda anaupiga picha na kuuweka kwenye grupu lao kuuliza nani anamjua huyu mama. Ukifika kwangu, wanaokuja kununua chumvi wanausoma rafuni. Siku hizi naigeuza mizigo yote iangalie ukutani, lakini kufikia hapo majina yameshasomwa njia nzima.

Ingekuwa anwani tu nisingewasumbua. Enzi za sanduku la posta, barua iliandikwa S.L.P. na jina la mji, ikatosha. Wengi wetu tulitumia sanduku la shule, la parokia, la kiwanda cha pamba. Aliyeandika alijua barua itafika. Hakujua unalala wapi, na aliyeishika njiani hakupata cha kukufanyia. Namba ya simu ni jambo jingine kabisa. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa, kwa hiyo namba yangu imefungwa kwenye kitambulisho changu cha Taifa. Namba hiyo ndiyo akaunti yangu, katika nchi ambayo akaunti za pesa kwa simu zilipita milioni 60 mwaka 2024. Ndiyo inayoonyesha picha yangu ya WhatsApp, na ya mwanangu nikimweka. Ndiyo anayoijua mama yangu, shule ya watoto, zahanati na wadeni wangu, kwa hiyo mtu akinisumbua kwa namba hiyo siwezi kuitupa tu nikachukua nyingine. Anayetembea na namba yangu ametembea na mimi.

Nimeona yanayofuata. Binti mmoja wa hapa alitumiwa mkoba na wenzake wa grupu. Mkoba haujafika, mwanamume asiyemjua akampigia, akamwita kwa majina yote matatu, akamwambia mkoba ni mzuri na kwamba angependa kuuleta mwenyewe nyumbani. Hatukuwahi kujua ni nani kati ya wengi waliousoma ule mfuko. Simu ziliendelea hata baada ya kumzuia, kwa namba nyingine na nyingine. Binti aliacha kununua mtandaoni, na mbaya zaidi, alianza kuwashuku wale waliomtendea wema.

Mteja mwingine alipigiwa akaambiwa mzigo wake umezuiliwa, atume elfu kumi na tano na ya kutolea. Sote tumezoea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na TCRA wametupa 15040 ya kuripotia. Ujumbe ule hutumwa kwa kubahatisha, na mtu makini anautambua. Huyu aliyempigia mteja wangu alijua mzigo umetoka wapi, unakwenda wapi na ni wa nani. Mteja alituma. Nani asingetuma?

Huku kwenye dhahabu kuna zaidi ya hayo. Mtu akipata mawe mazuri, la kwanza ni kunyamaza. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe Geita Machi 2019, anauza kwa mizani na kwa kumbukumbu halali. Lakini akirudi kijijini hataki ijulikane ana nini. Sasa televisheni kubwa ikishushwa stendi na jina lake ubavuni, hata ikiwa ni zawadi ya dada yake aliyeko Oman, kijiji kizima kinahesabu kwamba amepata. Wa kwanza kubisha hodi ni wakopaji. Wanaokuja usiku hawabishi hodi.

Lazima niseme na upande wa pili, maana ndio unaowafanya watu wazima wa hapa wasipende habari hizi. Zawadi isiyojulikana mwenyewe inatisha. Kitu kikiletwa mlangoni bila kutajwa kimetoka kwa nani, swali la kwanza la bibi ni kama kimetumwa kwa ubaya. Msilipuuze swali hilo. Kanda ya Ziwa imepoteza wazee, hasa akina mama, kwa tuhuma za uchawi zilizoanza na mambo madogo kuliko mfuko wa nailoni. Swali la pili ni la mume: nani huyu anayemletea mke wangu kanga? Nimeshuhudia nyumba ikitikisika kwa doti moja, na mwanamke aliyepaswa kufurahi akalala kwa jirani. Swali la tatu ni la mwenyekiti wa kitongoji: si mali ya wizi hii? Yote matatu ni maswali ya haki, na hayajibiwi kwa kumwambia mpokeaji afurahi tu.

Yanajibiwa na mtu wa kati, anayewajua mtoaji na mpokeaji na anayeaminiwa nao wote. Nikimwambia mume yule, mbele ya mkewe, kwamba zawadi imetoka kwa akina mama wanaonunua pamoja na mkeo, kwamba mimi nimethibitisha kwa muuzaji, kwamba hawakutaka kutajwa kwa sababu hawataki kurudishiwa, mara nyingi uso unalegea. Kwa hiyo sitetei mtu kujificha asijulikane na yeyote. Ninachotetea ni kila mmoja ajue kile tu kinachohitajika kwa kazi yake. Muuzaji ajue amelipwa na mzigo unakwenda kituo gani. Basi lijue ushukie wapi. Bodaboda ajue jina la duka. Mimi nijue kwamba aliyesimama mbele yangu ndiye mwenye mzigo. Mpokeaji ajue kwamba mtoaji anafahamika mahali fulani na kwamba yeye ana ruhusa ya kukataa. Hakuna kati yetu anayehitaji kujua yote.

Sheria mnayoisimamia inasema hayo hayo kwa lugha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi, zitoshe lengo hilo bila kuzidi, na zisitunzwe kupita muda wake. Katiba, ibara ya 16, ilishatangulia kutambua haki ya kila mtu ya faragha yake, ya familia yake, ya makazi yake na ya mawasiliano yake. Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Tume tarehe 3 Aprili 2024, niliichukua habari ile kama inayonihusu. Tangu hapo nimesikia juu ya mabenki, hospitali, kampuni za simu na wakopeshaji. Kuhusu mfuko wenye majina ya mtu uliolazwa chini stendi, sijasikia neno, na huo ndio unaomgusa mwananchi wa Nkome kila siku.

Njia tunayo tayari, na tumeizoea. Kwa miaka mingi Watanzania walizawadiana vocha za kukwangua: unanunua kadi, unakwangua, unamtumia mwenzako tarakimu, anaziingiza. Muuza vocha hakuuliza jina la mtoaji wala la mpokeaji. LUKU nayo: mtoto aliye Dar es Salaam anamnunulia mama yake wa Nkome umeme, tarakimu 20 zinatumwa, taa zinawaka. Uzuri wa tarakimu hizo ni kwamba zinafanya kazi mara moja kisha zimekwisha. Atakayeokota kikaratasi chake kesho hana alichokipata.

Mzigo ufanyiwe hivyo hivyo. Mtoaji akishalipa, muuzaji atoe namba ya kuchukulia. Nje ya mfuko iandikwe namba hiyo na jina la kituo cha kupokelea, isiandikwe kingine. Mtoaji asipewe namba ya simu ya mpokeaji hata kidogo, haihitaji. Muuzaji, ambaye wote wawili ni wateja wake na namba zao anazo kihalali, ndiye amwandikie mpokeaji kwamba kuna zawadi kutoka kwa watu anaowafahamu, wameomba wasitajwe, je, yuko tayari kuipokea, na aichukulie kituo gani. Akikubali, anatumiwa namba ya kuchukulia. Akikataa, hakuna kinachopakiwa na fedha zinarudi kwa waliolipa. Ujumbe usitaje kitu wala thamani yake, maana simu nyingi za huku ni za nyumba nzima. Anayeishika saa hiyo anaweza kuwa mtoto, wifi au jirani aliyeazima tochi.

Nimeambiwa kwamba kuomba ruhusa kunaua utamu wa kushtukizwa. Sikubali. Mpokeaji bado hajui ni nini, wala ni nani, wala kwa nini leo. Kilichoondolewa ni kuvamiwa, na hakuna aliyewahi kukipenda hicho. Mjane yule bado atafungua mfuko na kukuta vitu asivyovitarajia. Tofauti ni kwamba ataufungua akiwa ametulia.

Kwa Benki Kuu nina maneno machache. Jina linaloonekana kabla ya kutuma pesa linaweza kufupishwa: jina la kwanza lote na herufi za mwanzo za mengine. Linatosha kumzuia mtu asikosee, halitoshi kumpa mgeni utambulisho wangu mzima. Na madaftari ya mawakala, yenye majina, namba za simu na kiasi cha kila aliyetangulia, yanaachwa wazi kaunta huku wewe ukiandika jina lako chini ya la jirani yako. Yafunikwe, au yaondolewe.

Wenzetu wa Kenya walitutangulia kwa M-Pesa mwaka mmoja tu, 2007 wao na 2008 sisi. Mwaka 2022 Safaricom ilianza kuficha namba ya mteja anayelipa dukani kwa Lipa na M-Pesa, kwa sababu wauzaji walikuwa wakizivuna namba na kuwasumbua watu kwa matangazo. Maduka hayakufungwa kwa hilo. Tusikubali watutangulie na hapa kwa miaka mingi.

Kenya wametufundisha jingine, linalohusu kamera. Mijini kwetu imeshamiri biashara ya sapraizi: matarumbeta yanamfuata mtu ofisini na keki na maua, huku kijana akirekodi anavyolia, na jioni video iko Instagram kutangaza biashara. Aliyelipa alikubali. Aliyelia hakuulizwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi Shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na ikaitoza shule ya Roma Shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Sisemi mwanze kwa faini. Nasema machozi ya mtu si tangazo la duka mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, na aseme akiwa ameshafuta machozi, hatazamwi na lenzi.

Mbali na huku nako yametokea ya kutufunza. Kuanzia 2009 hadi 2021 kulikuwa na utaratibu ulioitwa RedditGifts, ambamo watu wasiojuana wa nchi mbalimbali walipeana zawadi kupitia posta. Bill Gates naye alikuwa akishiriki. Ulikuwa mzuri, na watu wengi walifurahi. Lakini kila mshiriki alilazimika kumkabidhi mgeni mahali pa kumtumia mzigo, na kilichomlinda ni tabia njema ya huyo aliyepangiwa. Mwaka 2020 Wamarekani wengi walipokea kwa posta vipakiti vya mbegu ambavyo hawakuviagiza, vingi vikionyesha vimetoka China. Wizara yao ya Kilimo iliwaonya wasizipande, na ikaeleza kwamba inaelekea ni wauzaji waliotumia anwani za watu kutengeneza mauzo ya uongo ili wajiandikie sifa mtandaoni. Zawadi ya rafiki na hila ya muuzaji vilifika kwa sura moja, ndani ya bahasha moja. Kilichovitenganisha ni kama mwenye anwani aliulizwa. Kwa sababu hiyo naweka ridhaa ya mpokeaji mbele ya mengine yote ninayoyaomba.

Najua Polisi watauliza, na wana haki ya kuuliza. Nkome ni mwalo. Nyavu haramu husafiri ndani ya mifuko hiyo hiyo ya nailoni, na bangi pia. Jibu langu ni kwamba siri ya nje ya mfuko haifuti kumbukumbu iliyo ndani ya daftari. Muuzaji atunze nani alilipa na nani alitumiwa. Mimi nitunze nani alichukua, lini, kwa namba ipi. Daftari likae kabatini, lifunguliwe kwa amri halali, na muda mtakaouweka ukifika lichomwe. Leo hali ni kinyume chake: kila mpita njia anasoma majina bila amri ya mtu, na ofisa wa Polisi akija wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka nani aliuchukua mzigo.

Nina ombi kuhusu namna ya kuandika mwongozo wenyewe. Msitubebeshe sisi wadogo fomu zilizotengenezwa kwa ajili ya mabenki. Msichana anayeuza nguo za watoto kwa simu moja akiwa chumbani kwake Mbagala hana ofisa wa ulinzi wa taarifa, wala hatakuwa naye. Mwandikieni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, unaoweza kubandikwa ukutani: nini kisiandikwe nje ya mfuko, nani asipewe namba, ujumbe wa kuomba ridhaa usemeje, kumbukumbu zichomwe lini, apigie nani akiona namba za wateja wake zimesambaa. Ukurasa huo utasomwa. Kitabu kitawekwa chini ya kaunta.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Wauzaji wanaotumia duka langu nimewaambia waandike namba ya kuchukulia na jina la duka peke yake. Baadhi wamekubali, na mizigo yao imefika na kuchukuliwa bila shida. Wengine wanataka lakini wanashindwa, kwa sababu karani wa ofisi ya mizigo anaukataa mfuko usio na jina na simu. Anasema ndivyo alivyoelekezwa, na hatabadilisha kwa ombi la mwenye duka wa Nkome. Mimi siwezi kumwamuru. Nyinyi pamoja na TCRA, wanaotoa leseni za kusafirisha vifurushi, mnaweza kumwandikia mwajiri wake. Barua hiyo ndiyo ninayoiomba itoke kwanza, hata kabla ya mwongozo wenyewe kukamilika, ili iwe imefika kwenye ofisi za mizigo za Dar es Salaam, Mwanza na Geita kabla mizigo ya mwisho wa mwaka haijaanza kupakiwa. Kituo cha kujaribia mkikihitaji, duka langu lipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la kupokelea mizigo,
Nkome, Geita.